Kanivali za Maziwa ya Italia: Namna ya Kupanga Safari ya Februari

Ukifika Ziwa Como siku ya Jumatano ya Majivu ukitafuta kanivali, upande wa magharibi umechelewa na upande wa mashariki bado siku tatu. Ziwa ni moja, lakini makanisa ya pande hizo mbili hayaanzi Kwaresima siku moja. Wageni wengi hupoteza safari hapo, kabla hata ya kukata tiketi ya ndege. Mwongozo huu ni wa anayetaka kuona kanivali za miji na vijiji vya maziwa ya kaskazini mwa Italia, awe anatokea Afrika Mashariki au tayari anaishi Ulaya. Mkazo tumeuweka kwenye vijiji viwili, Schignano na Bagolino, kwa sababu huko kanivali ni mali ya wenyeji. Wangeicheza hata asije mgeni hata mmoja, na ndiyo maana inastahili safari ndefu.

Hatua ya 1: Hesabu siku kabla ya kitu kingine chochote

Kanivali haina tarehe ya kudumu, hufuata Pasaka. Chukua Jumapili ya Pasaka, rudi nyuma siku 47, utaipata Jumanne ya mwisho ya kanivali, ambayo Waitalia huiita martedì grasso. Kesho yake ni Jumatano ya Majivu. Alhamisi inayotangulia Jumanne hiyo, giovedì grasso, ndiyo sherehe huanza kupamba moto. Jumanne hiyo ya mwisho itaangukia 9 Februari 2027, 29 Februari 2028 na 13 Februari 2029.

Hiyo ni hesabu ya liturujia ya Roma, inayofuatwa na dayosisi ya Como na ya Brescia. Jimbo Kuu la Milano lina liturujia yake, yenye jina la Mtakatifu Ambrosi aliyekuwa askofu wa mji huo katika karne ya 4. Humo Kwaresima huanza Jumapili, si Jumatano, kwa hiyo kanivali husogea mbele hadi Jumamosi, sabato grasso. Wenyeji husimulia kwamba Ambrosi alikuwa safarini akawaomba watu wake wamsubiri arudi. Lecco na miji kadhaa ya mwambao wa mashariki wa Ziwa Como wako upande huu. Hata Cannobio, kwenye Ziwa Maggiore, hufuata desturi ya Ambrosi ingawa iko mkoa wa Piemonte. Jumamosi hiyo itakuwa 13 Februari 2027, 4 Machi 2028 na 17 Februari 2029.

Tofauti hii ukiijua inageuka faida: ndani ya siku nane unaweza kuona kanivali ya liturujia ya Roma ikizikwa na ya Ambrosi ikifikia kilele.

Jambo moja la kuangalia: miji mingi hupitisha magari ya mapambo Jumapili yoyote ya Januari au Februari, kwa tarehe zake yenyewe. Ratiba kamili yenye saa hutangazwa wiki chache kabla, kwenye tovuti ya manispaa, yaani comune, au ya chama cha wenyeji kinachosimamia sherehe, pro loco. Zisome hizo. Kurasa za mawakala wa utalii mara nyingi hubaki na tarehe za mwaka uliopita.

Hatua ya 2: Chagua kijiji

*Schignano, juu ya Ziwa Como*

Schignano iko kwenye bonde la Intelvi, zaidi ya mita 400 juu ya Argegno, mji mdogo ulioko ukingoni mwa ziwa. Siku kubwa ni mbili: Jumamosi inayotangulia Jumatano ya Majivu, na Jumanne ya mwisho. Kwa desturi wanaovaa vinyago ni wanaume, hata kwa wahusika wa kike, na vinyago vyenyewe huchongwa kwa mti wa jozi na mafundi wa kijijini.

Jifunze makundi kabla hujafika, la sivyo utaona fujo tu. Kuna Belli, yaani warembo (mmoja huitwa Bello), wenye matumbo makubwa yaliyojazwa, nguo zilizosheheni lesi, shanga na maua, na kengele ndogo za shaba kiunoni. Hutembea kwa madaha, taratibu, hawasemi neno. Kuna Brutti, yaani wenye sura mbaya (mmoja huitwa Brutto), waliovaa matambara na ngozi za kondoo, wenye kengele nzito za ng'ombe zinazogongana kwa kishindo. Hawa hubeba masanduku yaliyochakaa, mifagio na makapu, hukimbia, hujitupa chini, na ghafla huketi katikati ya njia. Kisha kuna Ciocia, mke wa Bello, anayechezwa na mwanamume. Huyu peke yake ndiye mwenye sauti, na sauti hiyo haikatiki: anamfokea mumewe na kulalamikia maisha kwa lahaja ya bonde hilo.

Sanduku la Brutto lina historia. Kwa karne nyingi bonde la Intelvi lilitoa waashi, wachongaji na mafundi wa lipu waliokwenda kutafuta kazi mbali, wake zao wakabaki na mashamba na watoto. Brutto ni yule anayeondoka na umaskini wake mkononi, Bello ni mwenye mali, na Ciocia ni aliyeachiwa mzigo wa nyumba. Msomaji ambaye ana ndugu ughaibuni, au yuko huko mwenyewe, ataielewa michezo hiyo bila mkalimani.

Utawaona pia Sapeur wenye mashoka na ndevu za ngozi, nyuso zimepakwa masizi. Mwisho yuko Carlisepp, sanamu ya mtu anayewakilisha kanivali yenyewe. Jumanne usiku huombolezwa, huzungushwa kijijini na kuchomwa moto. Ukiweza kuchagua siku moja tu, chagua kulingana na unachotaka: Jumamosi mchana ni nzuri kwa kutazama vinyago kwa mwanga wa jua, Jumanne ni kwa ajili ya mazishi na moto, lakini usiku utakukuta huko juu na baridi yake.

Kosa la kawaida Schignano ni kufika saa nane mchana na kusimama uwanja mkuu. Utaona visogo vya watu. Fika kabla ya saa sita, kula mapema, kisha tembea vichochoro vya vitongoji. Brutti hutokea humo mmoja mmoja au wawili wawili, na huko ndiko unakoweza kukiangalia kinyago kwa karibu, mikato ya patasi na rangi ya mti, bila kusukumana.

*Bagolino, jirani na Ziwa Idro*

Ziwa Idro ni dogo, liko mkoa wa Brescia, na kwa mita zake 368 juu ya bahari limeinuka kuliko maziwa makubwa jirani. Bagolino iko juu zaidi, karibu mita 780, kijiji cha nyumba za mawe zilizobanana mlimani. Kanivali yake ni Jumatatu na Jumanne kabla ya Majivu, na daftari za kijiji zinaitaja tangu karne ya 16. Siku hizo hizo huchezwa pia Ponte Caffaro, kitongoji chake kilicho tambarare karibu na maji, ambako njia ni pana na watu hawabanani sana.

Moyo wa Bagolino ni ngoma. Wachezaji huitwa balarì, wapigaji huitwa sonadùr. Vyombo ni fidla kwanza, kisha gitaa na besi kubwa ya kusimama. Kila mchezaji huvaa kofia iliyofunikwa utepe mwekundu na kubandikwa dhahabu: mikufu, pete, vipini vya familia, vingine vya kuazimwa kwa ndugu na majirani. Uso hufunikwa kinyago cheupe. Jumatatu wanaanza alfajiri kwa misa, halafu siku nzima wanapita nyumba kwa nyumba, wakicheza chini ya madirisha ya watu wanaotaka kuwaheshimu. Jumanne jioni wote hukutana uwanjani kwa ngoma ya kufunga. Hatua zao ni za mpangilio mkali, na kiongozi wa ngoma hutoa amri kwa sauti. Ukisimama kimya dakika kumi pale pale utaanza kuona jinsi safu zinavyopishana na kurudi. Ukihama hama na simu mkononi hutaona kitu.

Upande wa pili wako màscher: watu waliovaa nguo za wakulima wa zamani, migongo imepinda, sauti zimebadilishwa zisitambulike, miguuni viatu vizito vya mti ambavyo wanaviburuta kwenye mawe. Hawa ni watundu. Watakusukuma, watakukumbatia, watakushika mwilini kwa mzaha, na mzaha wao wa jadi haujali sana mipaka, hasa kwa wanaume. Usiyetaka hilo simama karibu na ukuta, nyuma ya safu ya watu, na usiweke macho yako kwenye macho yao. Wakikusogelea sema "no, grazie" kwa tabasamu na upishe.

*Kwingine*

Lecco ni rahisi kufika kwa treni, na ni chaguo zuri la familia: mfalme Resegone na malkia Grigna, waliopewa majina ya milima miwili inayoutazama mji, hukabidhiwa funguo za mji, na Jumamosi ya Ambrosi magari ya mapambo hupita kwenye barabara karibu na ziwa. Ukiwa Roma badala ya kaskazini, Ronciglione, kwenye vilima vya Ziwa Vico, inafikika kwa basi la Cotral kutoka kituo cha Saxa Rubra. Jumatatu ya kanivali kundi la Nasi Rossi, wenye pua nyekundu na mavazi ya kulalia, hugawa makaroni kutoka kwenye vyungu vya chumbani.

Hatua ya 3: Viza

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasipungue siku 15 kabla. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na aliye chini ya miaka 6 halipi. Bima ya safari lazima ifidie angalau euro 30,000 na ienee nchi zote za Schengen. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 na ibaki hai miezi 3 baada ya siku ya kutoka.

Kwa kanivali ya Februari, weka miadi mwezi Oktoba au Novemba. Maamuzi kwa kawaida huchukua siku 15 lakini yanaweza kufika 45, na Desemba katikati kuna sikukuu. Anayesubiri Januari huwa amejifungia mlango mwenyewe. Barua yako ya maelezo iandike wazi: majina ya vijiji, tarehe, usiku wa kulala wapi. Ratiba inayosema tu "kutalii Italia" kwa mwezi wa baridi huzua maswali.

Aliye na kibali cha kuishi nchi nyingine ya Schengen, tuseme Ujerumani au Uswidi, haombi viza, lakini asafiri na pasipoti na kibali vyote viwili. Aliyeko Uingereza, Oman au Ghuba kwa pasipoti ya Afrika Mashariki huomba huko huko anakoishi kihalali. Mpakani, tangu Oktoba 2025, picha ya uso huchukuliwa na alama za vidole hukaguliwa kwa mfumo mpya wa Ulaya. Foleni ni ndefu kuliko zamani, kwa hiyo usiunganishe ndege kwa saa moja na nusu kwenye kiwanja cha kwanza cha Schengen. Acha saa tatu.

Hatua ya 4: Pa kulala

Hili huwashangaza wengi: hoteli nyingi za kandokando ya maziwa hufungwa Novemba hadi karibu na Pasaka. Bellagio na Varenna mwezi Februari utakuta milango imefungwa na migahawa michache tu. Lala kwenye miji inayoishi mwaka mzima. Kwa Schignano lala Como mjini. Kwa Bagolino lala Brescia au Salò, isipokuwa umepata chumba Bagolino kwenyewe, jambo linalotaka kuwekwa miezi mingi kabla. Kwa Lecco lala Lecco, au hata Milano.

Kabla ya kulipa, mwandikie mwenye nyumba umuulize kama joto la nyumba linawaka siku zote na limejumuishwa kwenye bei. Vyumba vya kupangisha vilivyojengwa kwa ajili ya kiangazi huwa na hita ndogo ya umeme tu, na usiku wa Februari kando ya ziwa unakaribia nyuzi sifuri. Weka pia euro kadhaa za pesa taslimu kwa kodi ya watalii, inayolipwa kwa kila mtu kwa kila usiku na mara nyingi haimo kwenye bei ya mtandaoni.

Hatua ya 5: Usafiri, na hasa wa kurudi

Kutoka Milano Centrale hadi Como San Giovanni ni kama dakika 40 kwa treni, na Lecco vivyo hivyo. Kutoka Milano Cadorna kuna treni inayokwenda hadi Como Nord Lago, stesheni iliyo hatua chache kutoka majini, safari ya kama saa moja. Brescia kutoka Milano ni dakika 36 hivi kwa treni ya kasi, saa moja na kidogo kwa treni ya kawaida ambayo ni nafuu sana.

Tiketi ya karatasi ya treni za mkoa lazima igongwe muhuri kwenye mashine ya jukwaani kabla ya kupanda. Tiketi isiyogongwa ni sawa na kutokuwa nayo, na faini hulipwa hapo hapo. Tiketi ya basi nunua dukani penye alama ya T, tabacchi, ukanunue ya kwenda na ya kurudi kwa pamoja, maana maduka hayo hufungwa mchana na Jumapili.

Kwenda Schignano, panda basi C10 au C20 kutoka Como hadi Argegno kwa njia ya mwambao wa magharibi. Kutoka hapo barabara ni nyembamba yenye kona kali, na siku za sherehe magari hayaruhusiwi kufika katikati ya kijiji. Angalia tangazo la pro loco kuhusu mabasi madogo ya kupandisha watu mwaka huo. Ipo pia njia ya zamani ya miguu, ya mawe, inayopanda kutoka Argegno. Kwa mtu mwenye miguu mizuri ni zaidi ya saa moja, lakini usiiteremke usiku wala kukiwa na barafu.

Kwenda Bagolino kwa basi ni kutoka Brescia kupitia Vestone na ziwa la Idro, safari ya karibu saa mbili, na mabasi ni machache. Hapa ndipo safari nyingi huvunjika: mgeni anafika vizuri asubuhi, anabaki kuangalia ngoma ya kufunga, kisha anagundua kwamba basi la mwisho liliondoka jioni mapema. Uliza mara tu unapoteremka: "A che ora parte l'ultimo pullman?" Ukitaka ngoma ya Jumanne jioni, ama ulale kijijini, ama ukodi gari.

Gari lina masharti yake. Leseni ya Tanzania au Kenya peke yake haitoshi, chukua na leseni ya kimataifa kabla hujaondoka nyumbani. Kati ya 15 Novemba na 15 Aprili barabara nyingi za milimani zinadai matairi ya theluji au minyororo ndani ya gari. Mwombe mkodishaji akuonyeshe minyororo hiyo kabla hujasaini. Na usiingie katikati ya miji ya kale penye alama ya ZTL, eneo la magari yenye kibali tu: kamera inapiga picha namba ya gari, faini inakufuata hadi nyumbani kupitia kampuni ya kukodi.

Boti za ziwani hupunguzwa sana majira ya baridi. Vivuko vya magari kati ya Menaggio, Bellagio na Varenna hufanya kazi, na ndivyo vinavyofaa kuvukia kutoka upande wa Roma kwenda upande wa Ambrosi, ukimalizia kwa treni kutoka Varenna hadi Lecco. Angalia pia kama kuna mgomo, sciopero, ambao hutangazwa mapema na mara nyingi huwekwa Ijumaa. Siku za kazi treni za mkoa zinazohakikishwa wakati wa mgomo ni za saa 12 hadi saa 3 asubuhi, na saa 12 jioni hadi saa 3 usiku.

Hatua ya 6: Nguo

Baridi ya kusimama ni tofauti na baridi ya kutembea. Utasimama saa nne au tano kwenye mawe, na ubaridi huanzia miguuni. Viatu ndiyo matumizi ya kwanza: buti zenye nyayo za meno, kubwa kidogo ili soksi nene ya sufu iingie bila kubana. Kiatu kinachobana huzuia damu, na mguu hupoa hata kama kiatu ni cha bei kubwa. Raba za kawaida huteleza kwenye mawe yaliyopigwa na barafu.

Juu vaa tabaka tatu: fulana ya sufu au ya kitambaa cha michezo inayogusa ngozi, sweta nene, kisha koti lisilopitisha upepo wala maji. Pamba iache nyumbani, ikilowa jasho haikauki na inakugandisha. Ongeza suruali ya ndani, kofia inayofunika masikio, na glavu. Nguo hizi si lazima uzinunue mpya kwa bei ya dukani. Mitumba ya Gikomba au ya Karume ina makoti mazuri ya theluji. Jaribu zipu na kagua mishono kabla hujalipa.

Simu huishiwa chaji haraka kwenye baridi. Ibebe mfuko wa ndani, karibu na mwili, pamoja na betri ya akiba. Plagi ya pini tatu tunayotumia Afrika Mashariki haiingii kwenye soketi za Italia, kwa hiyo beba adapta ya pini mbili za duara.

Hatua ya 7: Adabu mbele ya kinyago

Aliyevaa kinyago cha mti huona kwa matundu mawili madogo. Haoni miguu yake, wala mtoto aliye chini ya kiuno. Mpishe, usimngoje akupishe. Usimpige mwanga wa kamera usoni, unampofusha kwenye ngazi. Usimguse kinyago, usivute kengele, na usiulize ni nani aliye ndani. Kijiji kizima huenda kinajua na hakisemi, na kukaa kimya huko ndiko kunakompa uhuru wa kucheza.

Brutto akikuvuta au akikuketisha chini, kubali kwa sekunde chache, ataondoka. Ukimsukuma umeharibu mchezo, na umeonyesha kwamba hukujua ulikokuja. Bagolino, usikate safu ya wachezaji hata kama kuna nafasi inayoonekana wazi: nafasi hiyo ni ya hatua inayofuata. Dhahabu ya kofiani itazame kwa macho. Nyumba ambazo milango yake iko wazi kwa ajili ya wachezaji si za kuingia mpaka mwenyewe akukaribishe. Kupita katikati ya watu sema "permesso". Kwa picha ya mtu mmoja mmoja sema "posso?" ukionyesha kamera, ungoje kichwa kiitikie.

Watoto wadogo huogopa kishindo cha kengele za Schignano. Wazibie masikio, waanze kuwaona Belli kwanza, na kaa nao pembeni. Kigari cha mtoto hakifai katika vijiji hivi viwili, njia ni ngazi tupu. Mbebe mgongoni.

Hatua ya 8: Chakula

Kitamu cha msimu ni maandazi membamba makavu yaliyokaangwa na kunyunyiziwa sukari laini. Lombardia huitwa chiacchiere, Brescia lattughe, upande wa Trentino grostoli, Roma frappe. Asiyekula nguruwe au asiyetumia kileo aulize kabla ya kununua: unga wake mara nyingi hutiwa kidogo cha grappa au mvinyo, na baadhi hukaangwa kwa strutto, ambayo ni mafuta ya nguruwe. Maswali ni mawili: "C'è liquore?" na "È fritto nello strutto?" Soseji za luganega zinazochomwa mtaani nazo ni za nguruwe.

Shibe ya kweli iko kwenye polenta, ugali wa mahindi ya njano, uliopikwa polepole na kwa kawaida laini kuliko wetu. Como huuchanganya na siagi, kitunguu saumu na jibini wakauita uncia. Bagolino wana jibini yao, Bagòss, yenye zafarani na iliyokomaa miezi 12 au zaidi. Iombe iliyochomwa kidogo juu ya moto, pamoja na polenta. Vijijini chakula cha mchana hutolewa kati ya saa sita na nusu na saa nane, baada ya hapo jiko hufungwa. Beba noti ndogo na sarafu, vibanda vingi havipokei kadi. Na choo ni cha baa: kunywa kahawa kwanza.

Ratiba inayowezekana kwa 2027

Fika Milano Alhamisi tarehe 4 Februari, ulale Como usiku huo na wa Ijumaa ili mwili uzoee baridi. Jumamosi tarehe 6 ni Schignano. Jumapili hamia Brescia bila haraka. Jumatatu tarehe 8 ondoka alfajiri kwenda Bagolino, urudi kwa basi la mwisho. Jumanne tarehe 9 lazima uchague: ngoma ya kufunga Bagolino au kuchomwa kwa Carlisepp Schignano. Usijaribu zote mbili, milima na mabasi havitakuruhusu. Kwa maoni yetu, aliyekwisha kuona Schignano Jumamosi arudi Bagolino na alale huko huko. Jumatano hadi Ijumaa ni za kupumzika, na Jumamosi tarehe 13 panda treni uende Lecco.

Mvua ikiwa kubwa, magari ya mapambo ya mijini huahirishwa, kwa sababu yametengenezwa kwa karatasi na gundi. Kwa hiyo usikate ndege ya kurudi Jumamosi usiku. Iweke Jumatatu, maana msafara ulioahirishwa mara nyingi husogezwa Jumapili.